Mwanagenzi akiharibu silinda hedi ya mteja, gharama ni ya nani?

Fundi_Mwaloni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili hili bila matusi, maana kila nikilianzisha kijiweni linaishia kwenye siasa.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Nashughulika na hizi za kupachika nyuma ya mtumbwi, HP 15 na HP 40 ndizo nyingi. Kibandani tupo wanne: mimi, mwenzangu wa upande wa umeme, na vijana wawili wanaojifunza. Kazi yetu inafuata mwezi wa angani kuliko wa kalenda. Wavuvi wa dagaa wanataka giza ili taa zao zivute samaki. Mbalamwezi ikikomaa wanalala nyumbani, na hapo ndipo mashine zinashushwa kwetu kwa mikokoteni, siku hizo hata chai tunakunywa tumesimama. Giza likikaribia kurudi, kila mwenye boti anakuja juu anataka chake.

Sasa mada. Kuna chuo (sikitaji) huwa kinaniletea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Barua inasema niwapangie kazi, niwasainie kitabu, mwalimu atapita kukagua. Sina neno na vijana wenyewe, wana adabu, na nadharia wanayo. Mmoja alinieleza injini ya fostroki (mipigo minne, kama ya gari) hatua kwa hatua mpaka mwenzangu akaacha waya akasikiliza. Nikampa tustroki (mipigo miwili) ya HP 15, akaanza kuzunguka anatafuta nati ya kumwagia oili. Wanaojua wanajua: kwenye hizo oili inachanganywa humo humo kwenye petroli, hakuna sampu ya kumwaga. Simlaumu. Kafundishiwa gari, akaletwa ziwani. Halafu waliripoti giza likiwa limeanza, kibanda kikavu, wakakaa wanachezea simu. Kazi zilipomiminika ndipo muda wao unaisha.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mmoja wao alikuwa anarudisha plagi kwenye HP 40 ya mteja. Hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ni aluminiamu, plagi ni chuma. Unaanza kwa vidole vitupu, unairudisha nyuma kidogo mpaka usikie thredi (ile mizunguko ya skrubu) imekaa, unazungusha hadi igote, ndipo unashika spana kwa robo ya mwisho. Kijana alianza na spana. Plagi ikaingia upande, akasikia ugumu, akadhani ni masizi, akakaza. Ilipotoka ilitoka imevaa thredi za hedi kama utepe wa fedha. Nikaipeleka kwa fundi wa kukereza, akapanua tundu akatia thredi ya chuma. Mteja akakosa usiku wa giza safi kabisa. Gharama nimelipa mimi, maneno ya mteja nimeyala mimi, na mwalimu alipokuja alitaka kuona kama kitabu kimesainiwa.

Nikamuuliza: kijana wenu akiharibu mali ya mteja wangu, nani analipa? Akacheka. Akasema hilo halipo kwenye mwongozo.

Ndilo swali langu kwenu. Tunasikia elimu inabadilika. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, kidato cha kwanza walianza Januari 2024. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinajengwa mpaka wilayani. Vizuri sana. Lakini kila hotuba ina sentensi ile ile, "vijana wajifunzie kazini", na hapo kazini ni kwangu! Sijawahi kuitwa kikao chochote. Nchi ndogo kama Rwanda na Uswisi tunaambiwa wamepanga ufundi wao ukapangika. Wao mwenye karakana wanamfanyaje? Na hawa vijana wangu wawili wasio na karatasi, ambao plagi wanairudisha kwa kupapasa usiku bila tochi, mageuzi yanawafikia kwa mlango upi?

Naomba kuwasilisha.

Mwl_Karakana

Mkuu, mimi nafundisha ufundi magari, ila siyo chuo hicho, kwa hiyo usinirushie hedi.

Nianze na vijana wako, maana hao ndio wana jibu la haraka. Kuna utaratibu wa urasimishaji ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo na kwa mahojiano juu ya kazi anayoijua, akifaulu anapewa cheti cha ufundi stadi cha ngazi anayostahili. Ngazi ni tatu, zile ambazo wazee bado wanaziita gredi, ila siku hizi zinahesabiwa kupanda: ya kwanza ni ya chini, ya tatu ndiyo ya juu. Nendeni VETA pale Nyakato mkaulize. Jambo moja la kuwa nalo makini: ulizeni kwanza watapimwa kwa fani ipi. Wakiandikishwa kama mafundi magari wataulizwa klachi ya kukanyaga na breki, vitu ambavyo boti haina, na kijana mzuri atarudi na jibu la kufeli.

Pesa. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na zaidi analipa asilimia fulani ya mishahara yote anayolipa. Zamani ilikuwa 6%, ikashushwa kidogo kidogo mpaka 3.5% mwaka 2023. Na kwa miaka mingi waajiri wamelalamika kwamba theluthi tu ndiyo inafika VETA, kubwa inakwenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Wewe na watu wako watatu haikugusi. Ni nafuu kwako, ila ndiyo sababu haupo kwenye hesabu za mtu yeyote: hudaiwi, na hakuna anayefikiri anadaiwa na wewe.

Sasa la plagi. Naomba nikueleze kwa nini alianza na spana, maana nimeliona darasani kwangu. Injini ya kufundishia ni moja, wanafunzi ni wengi. Hedi hiyo imefungwa na kufunguliwa tangu mimi mwenyewe sijaajiriwa pale. Thredi zake zimelainika mpaka plagi inateleza yenyewe, ukiiweka upande inajinyoosha. Mwanafunzi anamaliza masomo yake hajawahi kusikia plagi ikigoma. Hiyo sauti ya thredi kukaa unayosema wewe, sisi hatuna injini inayoitoa.

Fundi_Mwaloni

Mwalimu, wabeja sana. Hilo la thredi zilizolainika sijawahi kulifikiria, na limenifanya nimwonee huruma yule kijana kuliko nilivyotaka.

Lakini ona tunakofika. Chuo hakina injini yenye thredi nzima. Mimi ninazo, ila ni za watu. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza ya kweli ya kijana wa nchi hii yanafanyika kwenye mali ya mvuvi wa Igombe ambaye hajui kwamba leo yeye ndiye shule.

Dereva_Rusumo

Mkuu napita hiyo njia ya Kigali mara kwa mara, ngoja nikupe ninayoyaona na ninayoyajua, mengine mtaongezea.

Rwanda wamefanya kazi kweli, tusiwe na wivu. Vyuo vyao vya ufundi vya mikoani, vile vya IPRC, waliviunganisha mwaka 2017 vikawa chini ya taasisi moja, Rwanda Polytechnic. Ukitoka mpakani Rusumo, kimoja kipo Ngoma, njia ile ile. Shule za ufundi za ngazi ya chini wakaziwekea bodi yake mwaka 2020. Na serikali ikajipangia lengo kwamba 60% ya wanaomaliza miaka mitatu ya kwanza ya sekondari waende ufundi badala ya masomo ya kawaida. Mtoto wa ufundi kule haonekani ni wa kufeli kama huku kwetu, hilo nimelisikia kwa wazazi wenyewe.

Ila lengo la asilimia linajaza madarasa. Gereji halizijazi. Juzi juzi nimekaa kwenye gereji kule Kayonza nikisubiri springi, tajiri wa gereji akawa anasema maneno yako haya haya: vijana wanakuja wengi, kitabu wanacho, mkono hawana, na akiharibiwa kitu analipa mwenyewe. Nilicheka peke yangu. Kwa hiyo ukidhani jirani ana dawa ya hedi yako, hana.

Mama_Boti_Nansio

Nimesoma nikasikia joto. Nina boti za dagaa huku Ukerewe na mashine zangu zinatengenezwa huko huko Mwaloni, tena huenda ni kwako fundi.

Mnaongea chuo, VETA, Rwanda. Mteja mmemtaja kama mtu wa kununa tu. Nani aliniambia kwamba mashine yangu atashika mwanafunzi? Mimi nikilipa bei ya fundi nataka mkono wa fundi. Boti ikizimika katikati ya ziwa upepo umeinuka, humo ndani kuna watu sita wenye watoto nyumbani. Hawawezi kupiga simu wakaambiwa "samahani, alikuwa field".

Sikatai vijana wajifunze. Wangu wa kiume kajifunza ufundi seremala chuo cha maendeleo ya wananchi Sengerema na anaunda mitumbwi inayoelea. Ila niambieni kabla. Sema: mama, kazi hii atafanya kijana, mimi nitasimama juu yake na kuikagua, bei nitakupunguzia. Nikikubali, basi kikiharibika tutazungumza. Usiponiambia, lipa, na usilalamike mitandaoni.

Na swali dogo: hao wa chuo, wapo wasichana? Au mashine za boti ni za wanaume kama ilivyokuwa enzi za baba yangu?

Fundi_Mwaloni

Shikamoo mama. Umenipiga pazuri. Kuwaambia wateja kabla sijawahi kusikia fundi yeyote hapa Mwaloni akifanya, na nikifikiria, sioni sababu isipokuwa mazoea. Bei ya mkono wa kijana iwe tofauti, iandikwe ubaoni.

Wasichana: msimu huu alikuja mmoja. Ndiye pekee aliyeuliza kabla ya kushika. Alichoshindwa ni kubeba HP 40, na hiyo hata mimi siibebi peke yangu, mgongo siyo wa serikali.

Msukuma_Ughaibuni

Wadau, naishi Winterthur, Uswisi, na mtoto wa mke wangu yupo mwaka wa tatu wa uanagenzi wa ufundi mitambo. Kwa hiyo swali la fundi naweza kulijibu kutoka mezani kwangu.

Kwanza ukubwa. Uswisi ni watu milioni 9 hivi. Rwanda kwa sensa ya 2022 ni milioni 13.2. Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga kwa sensa yetu ya mwaka huo huo wanapita milioni 16. Tunavyosema "nchi ndogo zimeweza" tunasahau kwamba ukanda wetu peke yake ni mkubwa kuliko hizo nchi, na una kazi zake ambazo Dodoma hazipo. Kalenda ya mafunzo inayofuata mbalamwezi haitaandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala njaa kwa sababu ya mbalamwezi.

Huku karibu theluthi mbili ya vijana wakimaliza shule ya lazima wanaingia uanagenzi. Mkataba kijana anausaini na kampuni, chuo kinakuja baadaye. Siku moja au mbili kwa wiki yupo darasani, zilizobaki yupo kazini, miaka mitatu au minne, na analipwa. Posho ya mwaka wa kwanza ni ndogo, kila mwaka inapanda. Kampuni haiwezi kuchukua kijana bila kibali cha jimbo, na anayemfundisha kazini lazima awe amepita kozi ya ualimu wa kazi, saa 40. Wanaosema kijana ajue nini ni vyama vya fani yenyewe, mafundi na waajiri, ndio wanaoandika, serikali inapitisha.

Sasa hedi yako. Sheria ya kazi huku inapima kosa kwa elimu na uzoefu wa aliyelifanya. Mwanagenzi hadaiwi kama fundi. Mwenye kampuni alijua anampa kazi mtu anayejifunza, kwa hiyo hasara ni yake, isipokuwa kijana amefanya makusudi au uzembe wa kupindukia. Jibu fupi: huku ungelipa wewe pia!

Utauliza wanakubali vipi. Wanakubali kwa sababu kijana wanakaa naye miaka. Mwaka wa kwanza ni hasara tupu. Mwaka wa mwisho anafanya kazi karibu ya fundi kamili kwa posho ya mwanagenzi, na kampuni nyingi zinarudisha pesa yao hapo. Wewe unapewa kijana kwa wiki kadhaa, ule mwaka wa hasara tu, halafu anaondoka. Hakuna biashara inayoweza kukaa hivyo.

Kitu kingine, nadhani ndicho kinachokufaa zaidi. Mbali na kampuni na shule wana sehemu ya tatu, karakana ya pamoja ya chama cha fani. Kijana anapelekwa kule kwa siku kadhaa kwa mwaka kujifunza yale ya msingi ambayo hutaki ajifunzie kwenye mali ya mteja. Kampuni zinachangia gharama. Sheria yao ya 2002, iliyoanza kazi 2004, inaitaja sehemu hiyo pamoja na zile mbili. Huyu wa kwangu alikaa huko wiki nzima anapiga tupa kipande cha chuma mpaka kikawa mraba, akarudi nyumbani ana malengelenge na hasira.

Mwl_Karakana

Hiyo karakana ya pamoja nimeipenda, ila msidhani serikali itaijenga kesho. Ikiachwa kwa chuo itakuwa na injini moja tena yenye thredi laini.

Kuhusu kalenda, kukubali kosa letu siwezi maana ratiba inatoka juu, lakini mwalimu anayepanga vijana anaweza kupiga simu kwa mwenye karakana kabla ya kuandika barua. Hilo halihitaji sera.

Dereva_Rusumo

Fundi mashine mbovu hamna huko kwenu? Kila gereji ninayoijua ina kaburi la injini nyuma.

Fundi_Mwaloni

Dereva umesema. Nyuma ya kibanda nina tustroki zilizoshikana pistoni, za watu waliobana oili kwenye petroli ili waokoe pesa, mashine ikafia ziwani na wenyewe wakasusa. Pistoni zimekufa, ila hedi zake zina thredi nzima kabisa. Nimezungumza leo na wenzangu wawili, mmoja wa hapa hapa na mwingine wa Igogo. Kila mmoja atatoa hedi, gia boksi la chini, na kabureta. Tutazifunga kwenye meza moja ya mbao kwangu. Kijana yeyote, wa chuo au wa mtaani, hashiki mashine ya mteja kabla hajarudisha plagi kwa vidole, hajabadilisha impela ya pampu ya maji, na hajafungua kabureta akaifunga bila kubakiza kitu mezani. Tukiziharibu hizo hedi, zilishaharibika zamani.

Msukuma, lile la miaka ndilo limenikaa. Kwa hiyo chuo nitakijibu hivi: sipokei tena wa wiki kadhaa. Nileteeni mmoja, awe anarudi kwangu huyo huyo kila likizo mpaka amalize, na waje mbalamwezi inapokomaa. Mwalimu, nitakutumia hiyo barua uisome kwanza kabla sijaipeleka, Kiswahili cha ofisini kinanisumbua.

Mama, ubao nimeshaagiza. Bei ya mkono wa kijana itakuwa pungufu, na jina la fundi aliyekagua litaandikwa kwenye risiti. Mashine yako ikija uliza kabla ya kuiacha.

Vijana wangu wawili wanakwenda Nyakato wiki ijayo kuulizia fani. Mkubwa anaogopa mahojiano, anasema yeye maneno hana. Mwenye ndugu aliyewahi kupimwa namna hiyo aje atueleze waliulizwa nini.

Ambalo bado hatujaelewana na jamaa wa Igogo ni hasara itakayotokea baada ya meza, kwenye mashine ya mteja aliyekubali. Yeye anataka mzazi wa kijana aweke amana, ikiharibika kitu ikatwe humo. Mimi nimekataa, maana wazazi wengi wanaoleta watoto kwangu wangekuwa na amana wangewapeleka chuo. Yeye anasema basi nitalipa mimi mpaka nifunge kibanda. Mada bado iko wazi.